Shajara ya mradi: boksi la tarehe za kurudi, kliniki ya watoto ya Alhamisi

8 Januari 2024. Chanzo

Naandika haya kwa ajili ya muuguzi mwenzangu aliye kwenye kituo cha afya kama chetu: matabibu wawili, umeme wa kubahatisha, na mratibu wa afya ya akili anayekaa wilayani na kutufikia mara moja kwa robo mwaka akipata gari. Sisi tuko mkoa wa Tanga, ukanda wa michungwa. Jina la kituo nimeliacha kwa sababu humu nitataja makosa, na si yote ni yangu.

Wiki ya mwisho ya Desemba nilikaa na kitabu cha wagonjwa wa nje (OPD) cha mwaka mzima, rula na kalamu nyekundu. Nilimtafuta kila mtoto chini ya miaka 15 aliyeandikiwa kifafa, degedege la kujirudia, au lile neno tunaloandika tusipojua tuandike nini: "tabia". Nilipata 31. Walioonekana tena kitabuni ni 9. Wale 22 wana mstari mmoja mmoja, basi.

Mlango wa pili kwenye korido hiyohiyo ni CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU. Pale mtoto akikosa tarehe yake Jumanne, Ijumaa mtu ameshafika kwao. Nilikwenda kuwauliza wanafanyaje, nikidhani ni fedha za wafadhili. Fedha zipo, sikatai. Ila jambo nililoliona ni kwamba kadi zao zinazobaki kituoni wamezipanga kwa tarehe ya kurudi. Sisi faili zetu tumezipanga kwa jina, na faili iliyopangwa kwa jina inakaa kimya mpaka mwenyewe aje kuiulizia.

Nikapeleka ombi kwenye kamati ya usimamizi wa kituo: TSh 600,000 kutoka makusanyo, kwa mwaka mzima, kwa ajili ya kliniki ya Alhamisi ya watoto hawa na boksi la kupanga kadi zao kwa tarehe ya kurudi. Niliwaambia kwamba kadi ya kliniki inaishia mtoto akitimiza miaka mitano, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema nusu ya matatizo ya akili huanza kabla ya mtu kufikisha 14. Katikati hapo mtoto hana siku yake. Mwenyekiti akauliza, "Sista, hizi hela ni za dawa au za mbao?" Nikamjibu mbao kwanza. Wakacheka, wakapitisha.

25 Januari. Boksi na kadi

Fundi seremala wa sokoni alitengeneza boksi la mbao za paina lenye vyumba 12, kimoja kwa kila mwezi. TSh 45,000. Baada ya siku tatu likarudi kwake. Nilimpa vipimo vya kadi, nikasahau vidole: kadi zilikaza kama mkate kwenye kopo, huwezi kupekua. Mwambie fundi aongeze sentimita nne kwenye upana, na umwombe chumba cha 13 kwa nyuma. Marekebisho TSh 10,000.

Linavyofanya kazi: mtoto akija, kadi yake inatolewa kwenye mwezi huu. Akiondoka, inaingia kwenye mwezi wa tarehe yake ya kurudi, kwa mpangilio wa tarehe. Jioni ya Alhamisi kadi iliyobaki mbele ni ya mtoto ambaye hakuja. Wiki moja ikipita, inahamia chumba cha 13 na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anapewa jina. Bando halihitajiki.

Kwenye kadi tunaandika uzito, mara alizoanguka tangu alipokuja mwisho, dawa na dozi, shule na darasa, namba ya simu na *ni ya nani*, na alama ya nyumba: mti, duka, msikiti.

Kosa la wiki ile. Kadi ya kubaki na mtoto tuliichapa kwenye manila nyekundu ili mlinzi amtambue getini asimpange foleni ya wakubwa. Nia ilikuwa njema. Alhamisi ya pili wanafunzi walishajua wekundu ule ni wa nini. Mama mmoja alinirudishia ya mwanawe imekunjwa mara nane, imebaki kidonge cha karatasi. "Sista, nipe daftari la kawaida. Hii inamtangaza." Manila zote tukazitupa, TSh 38,000. Sasa kila mtoto ana daftari la kurasa 32 kama mgonjwa mwingine yeyote, na mlinzi anapewa majina ya siku asubuhi kwenye karatasi ndogo ya kuweka mfukoni.

22 Februari. Dodoso

Hapa tulipoteza wiki nne. Nilitaka tuwafikie na watoto wa shule, si wale wanaoanguka tu. Tukachukua dodoso la SDQ, la maswali 25 kuhusu hisia na tabia za mtoto, lililotungwa na daktari wa Uingereza Robert Goodman mwaka 1997. Lina tafsiri ya Kiswahili, na hujazwa na mzazi au mwalimu.

Kijana wetu wa takwimu akaliingiza kwenye fomu ya simu na kupunguza maswali mawili "yanayojirudia". Nilimpongeza mbele ya watu. Mratibu alipoona akatusomesha masharti yake: karatasi unaweza kurudufu bure mradi humtozi mzazi kitu, lakini hubadili neno, hupunguzi swali, wala hutengenezi toleo la simu bila kibali cha wenyewe. Tukafuta, tukarudi kwenye karatasi. Rimu moja na kurudufu, TSh 43,000.

Kosa kubwa lilikuwa jingine. Tulipeleka nakala 60 kwenye shule mbili za msingi. Mwalimu mmoja, mwenye darasa la watoto zaidi ya 90, alijaza 20 kwa mchana mmoja, na majibu yalifanana kama mihuri. Simlaumu. Alhamisi iliyofuata mwalimu wa zamu alitufikishia watoto 27 kwa mstari, fimbo mkononi: "Hawa hapa, wagonjwa wenu wa akili." Walikaa koridoni tangu saa tatu, wawili wanalia, wengine wanachungulia mlango kuona sindano iko wapi. Sisi tulikuwa watatu.

Tuliwaona wote, tukafunga mlango saa kumi na mbili jioni. Wanne walikuwa na usaha masikioni, mmoja wao tangu akiwa mdogo kabisa. Mwalimu alikuwa ameandika "hasikii akielezwa", na ilikuwa kweli neno kwa neno. Wawili hawaoni ubaoni. Sita hawakuwa wametia kitu tumboni tangu jana yake. Ambao shida yao ningeiita ya akili walikuwa watano.

Mmoja alikuwa msichana wa darasa la tatu aliyechapwa mara kadhaa kwa "kusinzia macho wazi". Nilishika karatasi mbele ya mdomo wake nikamwambia aipulize, avute pumzi, apulize tena, asiache. Kwenye dakika ya pili aliacha katikati. Macho yalibaki kwenye karatasi, kope zinapepesa, karatasi imetulia. Ilikuwa kama sekunde kumi. Kisha akaendelea kupuliza pale alipoishia. Hiyo ni aina ya kifafa ambayo mtoto haanguki, anaduwaa tu, tena inaweza kumjia mara nyingi kwa siku. Tulimpa rufaa wilayani, kwa sababu kabamazepini, dawa ya kifafa ambayo ungeweza kuikimbilia, inaweza kuzidisha kuduwaa kwa namna hii.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni wakati ule. Aliiegemeza fimbo ukutani na akaondoka bila kuichukua. Tunaitumia kufungulia dirisha la juu.

Tulivyorekebisha: hatuchuji tena shule nzima. Dodoso linajazwa kwa mtoto ambaye tayari ana sababu ya kuja, na kabla ya dodoso tunaangalia masikio, macho, wingi wa damu na uzito. Shule tumewaachia karatasi ya nusu ukurasa yenye maswali matatu. Anaanguka au anaduwaa? Amebadilika ghafla muhula huu? Amesema au ameonyesha kutaka kujidhuru? Ndiyo moja inatosha, na mtoto aje na mzazi. Mstari wa watoto hatupokei tena.

4 Aprili. Namba 14

Hii naiandika kwa urefu kwa sababu naamini yuko mwenzangu anayeifanya hivi sasa.

Namba 14 ana miaka tisa, anakaa na bibi yake. Tulimwanzishia fenobabitoni, dawa ya kifafa, tarehe 11 Januari. Kufikia mwanzo wa Februari kuanguka kumekoma. Bibi alituletea chane ya ndizi. Kisha ikaja barua ya mwalimu: anapanda madirisha, anapiga wenzake, hakai kitini. Usiku nyumbani halali. Mtaani wakasema kile kilichokuwa kinamwangusha sasa kimepanda kichwani.

Mimi nikaona ni suala la malezi. Kwa wiki sita nilikaa na bibi kila Alhamisi: msifu akifanya vizuri, mpe agizo moja kwa wakati, fimbo weka kando. Ni mambo mazuri yote, na kwa watoto wengine yametusaidia. Bibi alisikiliza kwa heshima. Wiki ya sita akaniambia: "Mwanangu, nimemsifu mpaka majirani wananicheka. Huyu si mjukuu wangu. Zamani alikuwa anaanguka, lakini alikuwa yeye."

Niliandika kwenye kadi: *bibi ana msongo*. Mstari huo sijaufuta.

Mratibu alikuja Alhamisi iliyopita kwenye usimamizi shirikishi. Alichukua kadi, hakumwangalia hata mtoto kwanza. "Dawa mlianza lini? Na utukutu ulianza lini?" Dawa 11 Januari. Utukutu, kwa maelezo ya mwalimu, mwisho wa Januari. Tarehe zote mbili ziko upande mmoja wa kadi, vidole viwili kati yake. Mwandiko ni wangu.

Fenobabitoni ni dawa ya bei nafuu, inamezwa mara moja kwa siku, na imewatuliza watoto wetu wengi bila taabu. Lakini baadhi ya watoto inawafanya hivihivi: hawatulii, wana hasira, usingizi unavurugika. Mwongozo wa mhGAP wa WHO, wa kutibu matatizo ya akili na kifafa kwenye vituo visivyo na bingwa, toleo la 2016, unasema mtoto mwenye kifafa pamoja na tatizo la tabia au ulemavu wa akili aepushwe nayo ikiwezekana. Mwongozo huo tulikuwa nao, kwenye droo yangu, chini ya glavu.

Haiachwi kwa mkupuo. Ukiikata ghafla unaweza kumletea mtoto degedege la mfululizo. Tabibu alipanga kuipunguza polepole huku kabamazepini inapandishwa, na hapo tukagundua mambo mawili zaidi.

La kwanza, uzito. Kadi inasema kilo 22. Nilipomwuliza aliyempima, akakiri alikadiria kwa umri. Mzani wa kuning'iniza ni wa wachanga, mzani wa kusimama uko chumba cha wajawazito na siku ile kulikuwa na foleni. Mtoto ana kilo 19. Dozi ya watoto huenda kwa kilo, kwa hiyo tulikuwa tunamzidishia dawa ambayo tayari ilikuwa inamsumbua. Tumenunua mzani wa kusimama wa Alhamisi, TSh 65,000, na sheria ni moja: bila uzito wa siku hiyo, dirisha la dawa halitoi kitu.

La pili, dawa yenyewe. Kabamazepini hatukuwa tumeletewa kwa sababu oda inakokotolewa kwa matumizi ya nyuma. Matumizi yetu yalikuwa sifuri kwa sababu hatukuwa nayo. Hatukuwa nayo kwa sababu matumizi yalikuwa sifuri. Mtunza stoo amezunguka humo miaka na miaka, na amechoka kusema. Safari hii tuliambatanisha na oda idadi ya watoto, kilo zao na vidonge vya miezi mitatu. Bohari ya Dawa wakajibu haipo kwa sasa, na barua ile ya kukosa ndiyo iliyotufungulia njia ya kwenda kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi anayeruhusiwa kutuuzia dawa Bohari wakikosa. Makopo mawili, TSh 116,000, na tumeambiwa yatachukua kama wiki tatu. Vidonge 30 vya mwanzo tumechanga wenyewe kwenye duka la dawa mjini, TSh 6,000.

Bibi nilimwomba radhi. Alisema, "Haya," akauliza ile mpya inamezwa kabla ya chakula au baada.

9 Mei. Mvua, na simu za majirani

Mvua za El Niño zilianza Oktoba na hazijatuacha. Daraja la miti kuelekea vitongoji vya bondeni limeondoka. Chumba cha 13 kina kadi 11, na kwa mara ya kwanza boksi linaniambia jambo ambalo siwezi kulifanyia kitu: najua nani hakuja, najua anakaa karibu na duka gani, na duka liko ng'ambo ya maji.

Watoto wawili waliishiwa dawa wakaanza kuanguka upya. Mmoja alipitishwa mtoni usiku mgongoni kwa mjomba wake, degedege halikatiki. Alipona. Tulipaswa kuwapa dawa za miezi miwili tangu Machi kwa wote wa bondeni, na mganga mfawidhi alikuwa tayari kuidhinisha, hakuna aliyemwuliza. Tumeandika sasa kwenye ukingo wa chumba cha Machi na cha Oktoba: BONDENI MIEZI MIWILI.

Simu nazo. Namba nyingi kwenye kadi ni za majirani. Mhudumu wetu mmoja wa jamii, mtu mwema na mwenye sauti kubwa, alipiga akamwambia jirani, "Mwambie amlete yule wa kifafa." Jirani hakuwa anajua. Mama aliacha kuja, na sikumpata mpaka nilipokwenda mwenyewe. Hakunikaribisha ndani, tuliongea tumesimama uani, na alikuwa na haki. Maneno ya simu tumeyabandika ukutani: "Shikamoo au habari za hapo. Naomba umsalimie mama fulani, mwambie daftari lake liko tayari." Akiulizwa daftari la nini, ni la kliniki. Basi.

Namba 14 alikuja leo, kwa kuzunguka njia ya juu. Anaanza kulala usiku. Bado mtundu, ila bibi anasema utundu huu ni ule aliozaliwa nao.

18 Julai. Benchi, halafu machungwa

Nchini Zimbabwe daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006, jijini Harare, kuwafundisha mabibi kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza watu wenye mawazo mazito. Tuna mkunga mstaafu anayependwa na kijiji kizima, tuna mwembe. Tukanunua benchi, TSh 60,000.

Kosa si la Harare. Benchi letu tuliliweka kati ya geti na dirisha la dawa, kila apitaye anaona nani amekaa. Na sisi tulikuwa tunaongea na watoto wa miaka 11 hadi 16. Ukimkalisha mtoto wa miaka 13 uso kwa uso na mtu mzima ukamwuliza ana tatizo gani, anajua jibu moja: "Sina." Wiki tatu, watoto saba, "sina" saba.

Mwanzoni mwa Julai mzazi mmoja alileta nusu gunia la machungwa. Mkunga alikuwa nyuma ya jengo, amekaa mkekani anamenya, na kijana mmoja aliyeletwa kwa kukataa shule alikuwa anamsubiri mama yake. Mkunga akamwambia aokote maganda. Kijana akaanza kuyapanga, ganda refu lisilokatika upande huu, yaliyokatika upande ule. Bila kuinua macho akasema tangu baba afariki anatamani asiamke asubuhi. Mkunga hakuacha kumenya. Akamwuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua, na kwa kutumia kitu gani.

Wengi wetu tunaogopa swali hilo, tukidhani litampa mtoto wazo. Mwongozo unasema halimpi. Linampa nafasi ya kusema. Na alisema: dawa ya kupulizia michungwa, iliyo chini ya kitanda cha marehemu baba yake. Mama yake alikuwa anajua ipo pale. Hakuwahi kuiona kama hatari, kwetu kila nyumba yenye shamba inayo. Jioni ile dawa ilitoka nyumbani, na sasa ya kaya nne za jirani inakaa kwenye sanduku la bati lenye kufuli kwa balozi wa nyumba kumi. Sanduku na kufuli TSh 25,000. Kwa pesa tulizotumia mwaka huu, hizo ndizo zisizoniuma hata kidogo. Kijana tunamwona kila wiki, na wilayani wanamfahamu.

Kwa hiyo kikao kimehamia mkekani, nyuma ya jengo. Msimu wa machungwa ukiisha ni kuchambua maharage. Kisu ni kimoja, na hakiondoki mkononi mwa mkunga. Tabibu alisimamia hilo na yuko sahihi.

Kosa jingine, la kwangu. Msichana mmoja aliniuliza kama nitamwambia mtu. Nikasema, "Sitamwambia mtu." Kisha akanieleza jambo ambalo Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote anayelijua alipeleke kwa mamlaka. Nilipomwambia lazima niende kwa afisa ustawi wa jamii, aliinuka akatoka. Alirudi baada ya wiki kadhaa, na ni kwa sababu mkunga alimfuata. Kwangu mimi hajawahi kukaa tena.

Sasa tunaanza na maneno haya kabla mtoto hajafungua mdomo: "Utakayoniambia ni yako. Ila kama kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, tutatafuta mtu wa kutusaidia, na nitakuambia ni nani kabla sijaenda kwake." Wapo wanaonyamaza wakisikia hivyo. Afadhali. Ndani ya mlango tumebandika namba ya afisa ustawi, ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na 116, ambayo mtoto anapiga bure. Usianze kusikiliza watoto kabla karatasi hiyo haijabandikwa. Sisi tulianza kinyume.

26 Septemba. Mafiga

Barabara imekauka, tumekwenda nyumba kwa nyumba kufuata chumba cha 13. Wanne walikuwa wamehamia kwa mganga wa jadi. Mmoja ana kovu la moto kuanzia kiganja hadi kiwiko: alianguka jikoni, na waliokuwepo waliogopa kumgusa kwa sababu ya povu mdomoni. Kifafa hakiambukizi, si kwa povu wala kwa mate. Tumelisema hilo miaka yote kwa kipaza sauti, na bado mtoto aliachwa motoni.

Safari hii tumejenga. Jiko la mafiga matatu liko chini, usawa wa mtoto anayeanguka. Fundi ameinua majiko ya nyumba sita kwa tofali za kuchoma na udongo, usawa wa kiuno. TSh 12,000 kwa nyumba. Nyumba ya kwanza alijenga juu mno, mama hafikii ugali akisonga. Akabomoa mistari miwili.

Mganga nilimwendea na shikamoo na kilo ya sukari. Hatukubishana juu ya majini. Nilimwomba mambo mawili: asimzuie mtoto vidonge, na anayeanguka mfululizo amlete usiku huohuo. Tangu hapo ametuletea wawili. Mmoja alikuja na hirizi mpya shingoni na daftari jipya mkononi, na niliviacha vyote viwili.

12 Desemba. Hesabu

Boksi na marekebisho 55,000. Kadi nyekundu 38,000, zimepotea. Karatasi 43,000. Mzani 65,000. Dawa kwa mshitiri 116,000. Boda na vocha 148,000, kiasi kikubwa kuliko vyote, na ndicho kamati ilichokihoji zaidi. Benchi 60,000, sasa wanakalia wanaosubiri dawa. Sanduku la balozi 25,000. Majiko 72,000. Jumla TSh 622,000, na ile 22,000 ya ziada tumetoa mimi na mfawidhi, mbali na ile 6,000 ya vidonge vya Aprili.

Kadi 47 zimefunguliwa. Watoto 35 walikuja kwenye tarehe yao ya mwisho au ndani ya wiki moja baada yake. Wanne wamehamia vituo vingine kwa barua. Saba wako chumba cha 13. Mmoja amefariki, mwezi Juni, kwa nimonia, tarehe yake ya kurudi ikiwa bado siku tisa. Kadi yake ipo nyuma ya zile saba. Chumba cha namna hiyo sikumwagiza fundi.

Kuna jaribio ambalo hatukulipanga. Novemba nilikuwa masomoni wiki tatu. Niliporudi kadi zote za wiki hizo zilikuwa bado mbele, za waliokuja na za wasiokuja zimechanganyika. Hakuna aliyezembea, utaratibu ulikuwa kichwani mwangu. Tumeandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko: *Amekuja, mpeleke mwezi wake. Hakuja, mwache mbele. Ijumaa ya pili, nyuma.* Kazi hiyo amekabidhiwa mhudumu wa usafi, ambaye yuko kila siku na haendi semina. Wiki mbili zilizopita hakukosea hata kadi moja. Leo amenikosoa mimi.

Yaliyobaki: wasichana watatu wanaokaribia kuvunja ungo wako kwenye sodiamu valproeti, dawa nyingine ya kifafa, kutoka wilayani, na dawa hiyo ni hatari kwa mimba, kwa hiyo tumeomba wapitiwe upya kabla ya Februari. Oda ya robo ijayo tumeomba makopo sita ya kabamazepini. Bohari wakitoa mawili, barua ya mshitiri imeshachapwa, inasubiri tarehe na muhuri. Kadi ya Namba 14 iko Januari, Alhamisi ya tarehe 9. Kilo 21.